Mngengoja Tukomae

Kijana aliyelelewa katika shule yetu ya Jumapili hapa Kisian ameacha ibada. Akaniambia, “Pasta, mlitupata tukiwa wadogo. Mngengoja tukomae, nani angeamini?”

Swali zito. Lakini wamisionari walipoanza kazi Maseno mwaka 1906, wazee wetu hawakuwa wamekulia kanisani. Wako walioamini na kubatizwa wakiwa watu wazima. Naye Paulo alifunzwa Torati vizuri, na bado alilitesa kanisa mpaka Yesu alipokutana naye njiani.

Mzazi, endelea kumfundisha mtoto, kama Timotheo alivyofundishwa nyumbani. Ila usitegemee mafundisho peke yake. Mwombee akutane na Yesu mwenyewe, hata akiwa na miaka arobaini.