Ving'ora vya mtumba

Jamani, kuna watu hapa duniani wana raha zao! Wewe ukipata likizo unapanda basi kwenda kumwona bibi Singida, unarudi na kuku wawili na dumu la alizeti, umemaliza. Mwenzako kule Uingereza anachukua likizo, anachangishana na washikaji zake watatu, wananunua gari la wagonjwa lililostaafu, wanaandika jina la kikundi chao ubavuni, wanajaza makopo ya maharage nyuma pale panapokaa kitanda, halafu wanawasha moto. Wanakwenda wapi? Mongolia! Kilometa kama 16,000, milima, majangwa, mipaka yenye askari wasiocheka. Wakifika wanakabidhi funguo, wanapiga picha, wanarudi kwao kwa ndege.

Msidhani ni stori za kijiweni hizi. Mongol Rally ilianza mwaka 2004 na magari 6 tu, yakafika 4. Mwaka 2006 yalikuwa yameshazidi 160. Inaitwa mbio lakini hakuna mshindi wala kombe. Sharti lao la miaka ile ya mwanzo lilinifurahisha sana: injini isizidi lita moja. Yaani uende Mongolia na kigari cha kwendea sokoni! Ukikwama jangwani shauri yako, hakuna gari la mafundi linalokufuata. Magari ya dharura, yaani ya wagonjwa na ya zimamoto, ndiyo yaliruhusiwa kuwa na injini kubwa, kwa sababu yakifika yana kazi ya kufanya. Kila kikundi kilitakiwa pia kuchangisha pesa za hisani.

Kwa nini Mongolia? Hebu piga hesabu na mimi. Nchi nzima ina watu kama milioni 3.5. Dar es Salaam peke yake, sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 5.38, na bado kuna waliokuwa wamejificha. Lakini eneo lao ni zaidi ya kilometa za mraba milioni 1.5, wakati Tanzania nzima haifiki milioni moja. Karibu nusu ya watu wamebanana mji mkuu, Ulaanbaatar. Waliobaki wametawanyika na farasi na kondoo zao, wengi wanaishi kwenye mahema ya duara yaliyotengenezwa kwa sufi ya kondoo, na usiku wa baridi kipimo kinashuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Uchungu wa uzazi ukikushika huko, hakuna cha kumwita bodaboda. Kwa hiyo gari lenye king'ora si mchezo, watu wanalihitaji kweli.

Sasa hapo ndipo utamu ulipoingia shubiri. Gari kuukuu ni gari kuukuu, hata likiwa zawadi. Serikali ya Mongolia ina ushuru unaopanda kadiri gari linavyozeeka. Sisi wenyewe si tunaujua ushuru wa uchakavu? Mtu ananunua kigari Japani kwa bei ya kutupa, kikishuka bandarini anashika kichwa. Wale wa Mongol Rally ikafika mahali mwisho wa safari wakauhamishia Ulan-Ude, ng'ambo ya mpaka, upande wa Urusi, na mikweche yao ikawa inabidi irudishwe Ulaya. Yaani unaendesha kilometa 16,000 kupeleka zawadi, halafu zawadi inageuza! Shirika jingine la Uingereza, Go Help, lilianzisha safari yake, Mongolia Charity Rally, ambayo magari yenyewe ndiyo msaada, na huko walichagua kwanza ni gari gani litakubalika ndipo wakatia ufunguo. Hao nawapa tano.

Lakini walionikuna hasa ni wale wa Gambia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulianzishwa safari ya kuwakejeli matajiri wa Paris-Dakar. Mwenzako anakwenda na gari la mamilioni na helikopta juu, wao wakasema wataenda na gari la pauni 100. Ikaja kujulikana kama Plymouth-Banjul. Wanashuka Ufaransa, Hispania, Morocco, wanakata Sahara kupitia Mauritania, wanapita Senegal mpaka Banjul. Kilometa karibu 6,000. Kwanza, Gambia wanaendesha upande wa kulia wa barabara, basi Waingereza wakaambiwa watafute magari yenye usukani kushoto, ambayo kwao ni adimu. Umeona hapo? Mtoaji ndiye aliyehangaika, si mpokeaji. Pili, wakifika, magari yanapigwa mnada na pesa zinakwenda kwenye shughuli za hisani pale pale. Anayenunua ni Mgambia anayejua gari lipi lina spea mtaani kwake. Lile lisilofaa kuwa teksi litachinjwa likawa spea. Halikai uani kwa mtu likisubiri baraka.

Mtasema huyu naye kapatia wapi uchungu wa magari ya watu. Ngoja niwaambie.

Mwaka 2019 dada yangu alikuwa na mimba ya kwanza, anaishi kwa mumewe mkoa wa Morogoro, ndani ndani huko. Kituo chao cha afya, jina naliweka mfukoni, kilikuwa na ambulansi nzuri kuliko ya hospitali nyingi nilizoziona mjini. Ilitoka Ulaya, ni msaada. Ina milango ya kuteleza, taa za bluu, kiti cha muuguzi chenye mkanda, na maandishi ya lugha ambayo hata mwalimu wa shule hakuijua. Siku ya kuipokea, mama alinihadithia, kulikuwa na ngoma na mbuzi alichinjwa.

Dada alishikwa saa nne usiku. Saa nane mkunga akasema mtoto kakaa vibaya, huyu apelekwe hospitali ya wilaya haraka. Ambulansi iko wapi? Iko chini ya mwembe. Ina miezi 7 haijatembea. Pampu ya dizeli imekufa na haikupatikana Morogoro, haikupatikana Kariakoo. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha muuguzi.

Shemeji alikimbia kwa miguu kumgongea mfanyabiashara wa nyanya mwenye Noah. Yule bwana alitaka shilingi 80,000 mkononi. Shemeji alikuwa na 35,000. Mama akavua hereni zake. Dada akalazwa kati ya matenga, mkunga kamshika mkono, kilometa 52 za vumbi. Nilikuwa Dar, napigiwa simu kila dakika kumi, halafu mtandao ukakata. Sitaki kuusimulia ule usiku zaidi ya hapo. Mtoto alitoka kwa upasuaji saa kumi na mbili asubuhi, ana jina la babu yetu, na akisikia harufu ya nyanya wenzake wanamtania.

Basi niliposoma habari za hawa wa Mongolia nikaenda Gerezani kwa fundi mmoja mtu mzima ninayemheshimu. Nikamuuliza, "Mzee, hivi gari la wagonjwa la kutoka Ulaya lina ubaya gani?" Akajifuta grisi, akacheka. "Mwanangu, halina ubaya. Kule lilikuwa linatembea kwenye lami, linalala ndani, kila baada ya muda linaingia gereji ya wenyewe. Huku unalipa mashimo na dizeli ya kwenye dumu. Landikruza hata kijijini spea yake utaipata, hata kama ni ya kuchongesha. Lile dude, ukivunja kioo cha pembeni tu, unaagiza kwa meli."

Nikamwambia wenzetu wanaliendesha mpaka Mongolia na linafika. Akasema, "Linafika kwa sababu wanakwenda nalo mara moja. Hebu wakae nalo miaka mitatu."

Siwadharau wale vijana wa Uingereza, msije mkanielewa vibaya. Tangu vita ilipopamba moto Ukraine mwaka 2022, magari ya wagonjwa yaliyostaafu yameendeshwa kutoka Uingereza mpaka kule na yameokoa watu. Ila kule ni Ulaya, barabara ni za aina moja na duka la spea halipo mbali. Zawadi ni ile ile, kinachobadilika ni inakofikia.

Hapa kwetu nilichokiona kikifanya kazi hakina mbwembwe. Unaitwa m-mama, mpango wa serikali na wenzao wa Vodafone Foundation. Namba ni 115, haina malipo. Mama mjamzito akipata dharura simu inapigwa, wanatafuta ambulansi, na kama hakuna wanamwita dereva wa kawaida wa jirani aliyesajiliwa, analipwa kwa simu. Dada alijifungua wa pili mwaka 2024. Aliyekuja kumchukua alikuwa na Probox yenye mlango mmoja wa rangi tofauti. Shemeji akatoa pochi, yule dereva akamwambia, "Kaka, rudisha, mimi nimeshalipwa."

Ambulansi ya Ulaya bado ipo chini ya mwembe. Nilipomtumia fundi picha yake akaitazama kwa muda, akaikuza kwa vidole kuangalia tairi, akaniambia injini inaonekana nzima kabisa, na hao wazungu wangu wakipanga safari nyingine niwaambie nyuma pale kwenye maharage waweke pampu mbili.