Skrini nyeusi Nyamwage

Jamani, kiherehere kimeniponza! Niko Nyamwage, njia panda ya Utete, na mahojiano ya wakulima waliokumbwa na mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 yamo kwenye laptopu yangu kuukuu. Nikaweka keneli mpya ya Ubuntu, yaani moyo wa mfumo. Bando likakata kabla dreva ya kadi ya picha haijashuka. Kuwasha tena: giza tupu! Mhariri anapiga simu, jasho linanitoka.

Kumbe keneli ya zamani bado ipo. Nikawasha huku nimebonyeza Shift, menyu ikatokea, nikaichagua. Picha hiyooo!

Mfumo ulijiwekea akiba. Mimi sauti za wale wazee nilikuwa na nakala moja tu. Wewe je, ndugu msomaji?