Kibodi ni Mali ya Anayeandika

Katika Windows 95, programu yoyote iliweza kujisogeza mbele ya mtumiaji bila kumwomba mtu ruhusa. Amri moja tu, SetForegroundWindow, ilitosha: dirisha lilijitokeza juu ya mengine yote na kuichukua kibodi papo hapo. Mtu aliyekuwa akinakili barua, macho yake yakiwa kwenye karatasi, aliendelea kupiga chapa bila kujua kwamba herufi zake zinaangukia kwingine. Dirisha hilo geni likiwa na swali, na kitufe cha kukubali kimekwisha kuteuliwa, Enter aliyoibonyeza kumaliza aya ilihesabiwa kuwa jibu lake, na swali lilitoweka kabla hajalisoma. Sisi tuliozoea kompyuta za enzi hizo tulilichukulia jambo hili kama tabia ya mashine, kitu cha kuvumiliwa tu. Nikiifuatilia safari nzima ya madirisha leo, naona kwamba lilikuwa suala la haki, na kwamba mabadiliko yote yaliyofuata na kudumu yalielekea upande mmoja: dirisha la mbele libadilike pale tu mtumiaji mwenyewe anapotenda jambo linalolibadilisha.

Tatizo lenyewe halikuwapo tangu mwanzo. Windows ya kwanza, ya mwaka 1985, ilipanga madirisha ya programu ubavu kwa ubavu, hivyo hakuna lililoweza kulifunika jingine. Kufunikana kulikuja na toleo la pili mwaka 1987. Katika Windows 3.1 vibonyezo vyote vilipita kwenye foleni moja, na programu moja ikikwama, zote zilisubiri. Windows NT mwaka 1993, kisha Windows 95, zilizipa programu foleni zao zenyewe. Huo ulikuwa ukombozi mkubwa, lakini uliacha swali wazi: programu zikiwa huru hivyo, nani anaamua ipi ikae mbele? Jibu lilikuja na Windows 98 na Windows 2000. Tangu hapo programu iliyo nyuma haikuruhusiwa tena kujitokeza ipendavyo. Ilipojaribu, kitufe chake kwenye upau wa kazi kilimetameta, na dirisha likabaki lilipo. Kizuizi hicho kiliwekewa muda wa kawaida wa milisekunde 200,000 tangu mtumiaji alipogusa kibodi au kipanya mara ya mwisho. Ukikaa zaidi ya dakika tatu bila kugusa kitu, mfumo unachukulia kwamba hakuna wa kukatizwa. Naipenda hesabu hiyo, kwa sababu inampima mtumiaji, wala haiulizi programu ina haraka kiasi gani.

Hata hivyo sheria hiyo ilitatua ugomvi wa programu na programu tu. Ndani ya programu moja yenye fomu nyingi, ulinzi wa mtumiaji unategemea jambo jingine linalopuuzwa mno, nalo ni umiliki. Chukua programu ya ankara. Karani anajaza fomu ya mauzo, anabofya kitufe cha kutafuta mteja, fomu ya pili inafunguka, na ile ya kwanza inazuiwa isipokee kitu mpaka ya pili imalizwe. Windows ina kanuni nzuri kwa hali hii: dirisha lenye mmiliki hukaa daima juu ya mmiliki wake, hufichwa mmiliki anapokunjwa kwenye upau wa kazi, na huondolewa mmiliki anapoondolewa. Mwandishi wa programu asipomtaja mmiliki, karani akienda kusoma barua pepe na kurudi, fomu ya mauzo huweza kuja mbele peke yake huku ile ya kutafuta mteja imebaki nyuma. Anabofya, anasikia mlio tu. Kwake yeye kompyuta imeganda, na anachofikiria sasa ni kuizima, na kazi yote ya asubuhi ipotee. Kuna kosa jingine la aina hiyo wakati wa kufunga: fomu ya pili ikiondolewa kabla ile ya kwanza haijaondolewa kizuizi, Windows haioni dirisha la kulikabidhi kibodi ndani ya programu hiyo, basi inalikabidhi dirisha la programu nyingine kabisa. Mpangilio wa amri mbili tu ndio unaoamua kama karani atabaki kwenye ankara yake.

Zana zetu za kuandikia programu nazo zinabeba sehemu ya lawama. Delphi ya mwaka 1995 ilifanya dirisha moja lisiloonekana kuwa mmiliki wa fomu zote, na kitufe cha upau wa kazi kikawa cha dirisha hilo; ilisubiriwa mpaka Delphi 2007, ilipokuja Windows Vista, ndipo fomu kuu ikapewa njia ya kushika nafasi yake. Windows Forms, iliyotoka na .NET mwaka 2002, ina mtego mpole zaidi. Amri yake ya kufungua fomu inayozuia, ShowDialog, isipotajiwa mmiliki hulichukua dirisha la programu hiyo lililo hai wakati huo. Mwandishi akijaribu programu yake mezani, kila kitu ni sawa, kwa sababu fomu yake iko mbele. Lakini fomu hiyo ikifunguliwa na kipima muda wakati mtumiaji yuko kwenye programu nyingine, hakuna dirisha hai la kuchukua, na fomu inazaliwa bila mmiliki. Ndiyo maana kosa hili humfikia mteja kabla ya kumfikia mwandishi.

Wapo wanaosema kwamba yako mambo ya dharura ambayo lazima yamkatize mtu: betri inakwisha, mtandao wa malipo umekatika. Nakubali yaonekane. Kuonekana ni kitu kimoja, kunyang'anya kibodi ni kitu kingine; dirisha linaweza kukaa juu ya yote bila kupokea hata herufi moja, na tangu .NET 2.0 mwaka 2005 fomu ina sifa ya ShowWithoutActivation kwa kazi hiyo hiyo. Dharura haiwi nyepesi kwa sababu mtu amesoma kwanza ndipo akajibu. Kwa kweli, kadiri jambo linavyokuwa zito ndivyo inavyozidi kuwa hatari kulijibu kwa Enter iliyokusudiwa kwingine.

Pingamizi la waandishi wa programu lina uzito zaidi. Wanasema vizuizi huwaumiza waaminifu, kwa mfano programu mbili za mfumo mmoja ambapo ya kwanza inaiita ya pili kwa ombi la mtumiaji mwenyewe, kisha ya pili inaishia kumetameta kwenye upau wa kazi. Wengi walikimbilia AttachThreadInput, amri inayounganisha foleni za programu mbili ili kupenya kizuizi. Matokeo yake ni kurudisha maradhi ya Windows 3.1: upande mmoja ukikwama, wa pili unakwama nao. Njia halali ilikuwapo tangu Windows 2000, nayo ni AllowSetForegroundWindow, ambapo programu iliyo mbele inaipa nyingine ruhusa kwa hiari. Jambo linalonithibitishia kwamba huo ndio mwelekeo sahihi ni kwamba mifumo yenye asili tofauti imefika hapo hapo. Katika Wayland ya Linux, programu hupitishiana tokeni inayotokana na tendo la mtumiaji, na mfumo una haki ya kuikataa. Katika macOS Sonoma ya mwaka 2023, programu iliyo mbele ndiyo inayoiachia nyingine nafasi, na ile njia ya zamani ya kujisukuma mbele bila kuwajali wengine imewekwa kando.

Wengine hulaumu umiliki wenyewe kwa kuufananisha na fomu zinazozuia kazi, mfano wa zile hali za kumfunga mtumiaji (modi) alizozipinga mtaalamu wa kompyuta Larry Tesler tangu akiwa kwenye maabara ya Xerox PARC. Hayo ni mambo mawili. Dirisha la kutafuta maneno ndani ya waraka lina mmiliki na hukaa juu yake, lakini halimzuii mtu kuendelea kuandika. Mac OS X ya mwaka 2001 ilikwenda mbali zaidi kwa kuligandisha swali kwenye waraka linaouhusu, nyaraka nyingine zikabaki wazi. Siku hizi skrini mbili au tatu zikiwa mezani, umiliki unadaiwa zaidi ya zamani, maana fomu iliyopotea inaweza kuwa imefunguka kwenye skrini ambayo karani hata haitazami. Mwandishi anayeweka CenterParent ili fomu ifunguke katikati ya mmiliki wake, kisha akaita Show bila kutaja mmiliki hajaupa mfumo dirisha lolote la kupimia kati.