Gari Likiitwa, Nani Aitike?

Sisi tuliokulia Tanga tunajua chumvi inavyokula chuma. Mabati ya nyumba zilizo karibu na bahari hayadumu, na baiskeli ikilala nje mwaka mmoja, mnyororo wote ni kutu. Hapa Roseville bahari iko zaidi ya kilomita 1,000, lakini chumvi tunayo ya kutosha. Majira yote ya baridi inamwagwa Snelling, Larpenteur na Barabara Kuu ya 36 ili barafu iyeyuke. Matairi yanayarusha maji yale ya chumvi chini ya gari, yanaingia kwenye maungio na kukaa humo. Ikifika Machi, barafu inayeyuka mchana na kuganda usiku, lami inapasuka, mashimo yanazaliwa. Chuma kilichokwisha kuliwa na chumvi ndicho kinachopokea kishindo cha shimo.

Fundi mmoja Mtanzania hapa Saint Paul alinieleza kwa maneno machache: "Dada, kwetu barabara mbovu inamaliza bushi na shokapu. Huku chumvi inakula chuma chenyewe. Bushi ikiisha gari linagonga miguu, utasikia. Chuma kikikatika, husikii kitu mpaka kimekatika."

Ndiyo maana nchi hii ina utaratibu ambao wengi wetu hatukuukuta nyumbani. Kwa sheria ya usalama wa magari ya 1966, pamoja na marekebisho yake ya 1974, mtengenezaji akigundulika kuwa ameuza magari yenye hitilafu ya hatari, analazimika kuyaita na kuyatengeneza bila malipo. Wenyeji wanasema rikoli. Anayesimamia ni mamlaka ya serikali kuu inayojulikana kama NHTSA.

Utaratibu huu umeokoa watu. Mwaka 2010 Ford waliita magari ya familia aina ya Windstar, ya miaka ya 1998 hadi 2003, yapatayo 575,000 Marekani na Kanada, hasa ya maeneo yanayomwaga chumvi, kwa sababu ekseli ya nyuma ilikuwa inaliwa na kutu na kuweza kukatika. Mwaka 2012 Toyota waliita magari karibu 780,000, mengi yakiwa RAV4 za 2006 hadi 2011, gari ambalo sote tunalijua. Kama nati za mkono wa nyuma hazikukazwa sawasawa baada ya kufanya alaimenti, mkono ungeweza kulegea, kushika kutu na kuachia. Mwaka uliofuata magari yaleyale yaliitwa mara ya pili, kwa kuwa baadhi hayakuwa yametengenezwa ipasavyo mara ya kwanza. Mwenye gari alipanga foleni, akaambiwa tayari, kisha akaandikiwa arudi.

Barua yangu ilikuja Februari, miaka miwili iliyopita. Aina ya gari na aliyelitengeneza nayaacha, kwa sababu ninalotaka kusema linamhusu mwenye gari lolote. Barua ilisema mkono wa nyuma unaweza kukatika na dereva akashindwa kulimudu gari. Aya iliyofuata ilisema vipuri havijawa tayari, nitaandikiwa tena.

Mimi ni muuguzi. Hospitalini dawa ya toleo fulani ikiitwa, inaondolewa kwenye kabati, wala hakuna anayemwambia mgonjwa aendelee kuimeza mpaka nyingine ipatikane. Gari halina wa kuliondoa barabarani. Anayeitwa ni gari, lakini anayetakiwa kuitika ni mwenye gari, kwa muda wake na kwa zamu zake.

Nilipiga simu kwa wakala. Nikaomba wanipe gari la kutumia wakati nikisubiri. Wakasema mtengenezaji hajaidhinisha. Nikaomba waangalie tu kama mkono umeshaanza kuoza; wakaangalia, wakasema kutu ipo "ya kawaida" na hawawezi kuniandikia kuwa ni salama. Kiti cha mtoto wangu wa miaka sita kilikuwa juu ya gurudumu lilelile.

Mume wangu na mimi tukakubaliana kwamba mtoto hapandi gari hilo, na haliingii barabara kuu. Yeye akawa anampeleka shule kwa miguu kabla ya kwenda kazini. Mimi nikawa napanda basi la A Line pale Rosedale kwenda zamu ya usiku. Asubuhi, baada ya saa 12 za kusimama, unasubiri basi kwenye baridi ambayo pua yenyewe inauma. Nililazimika kuacha zamu moja kila wiki, na fedha ya zamu hiyo ndiyo ilikuwa ada ya mdogo wangu chuoni.

Mama alinisikiliza kwenye simu kutoka Tanga, akauliza, "Mwanangu, kama wanajua ni bovu, kwa nini hawaji kulichukua?" Sikuwa na jibu la kumpa usiku ule.

Barua ya pili ilikuja Mei. Waliahidi kazi ya nusu siku. Ikachukua siku nne. Nililipokea gari likiwa na mkono mpya, na bado linagonga nyuma. Kumbe kipuri kingine kilikuwa kimekwisha, nacho hakikuandikwa kwenye barua, kwa hiyo nililipa mwenyewe. Kuitwa kwa gari kunatibu ugonjwa mmoja tu. Usidhani ukitoka pale gari zima limepona.

Ugumu wetu sisi wageni unazidi hapo. Barua hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa, na sisi tunahama mara kwa mara, na magari yetu mengi ni ya mkono wa tatu. Minnesota haina ukaguzi wa usalama wa kila mwaka wa magari ya watu binafsi, hivyo hakuna atakayekugundulia. Ndugu wawili, Raechel na Jacqueline Houck, walikufa California mwaka 2004 katika gari la kukodi lililokuwa limeitwa na halijatengenezwa. Sheria yenye majina yao ilipitishwa 2015, ikazuia kampuni zenye magari zaidi ya 35 ya kukodisha kuyatoa kabla ya kuyatengeneza. Lakini sheria ya serikali kuu haimzuii muuza magari yaliyotumika kukuuzia gari la namna hiyo.

Kwa hiyo, wasomaji wenzangu, fanyeni haya. Chukueni namba ya gari yenye tarakimu na herufi 17; inasomeka kupitia kioo cha mbele upande wa dereva. Iingizeni kwenye tovuti ya nhtsa.gov, sehemu ya rikoli. Ni bure na ni dakika moja. Fanyeni hivyo kabla ya kununua gari, kisha angalau mara mbili kwa mwaka. Mkihama, badilisheni anwani kwenye usajili wa gari na kwa mtengenezaji. Bahasha yenye nembo ya NHTSA isitupwe pamoja na matangazo ya pizza. Kama Kiingereza kinawapa shida wazee nyumbani, mtoto wa sekondari awasomee. Mkiwa mmelipia matengenezo hayo kabla ya gari kuitwa, tafuteni risiti, kwani mnaweza kurudishiwa fedha. Na kumbukeni: haki ya kutengenezewa bure haipo kwa gari lililonunuliwa mara ya kwanza zaidi ya miaka 15 kabla ya kuitwa, na magari yetu mengi yanakaribia umri huo.

Mkiambiwa vipuri hakuna, ombeni gari la muda. Mkinyimwa, pigeni simu kwa mtengenezaji mwenyewe, mpewe namba ya shauri, mwandike tarehe na jina la kila mliyezungumza naye. Kisha pelekeni malalamiko NHTSA kwenye tovuti ileile. Mimi nilifanya hivyo mwezi Aprili. Siwezi kudai ndiko kulikoleta kipuri, ila malalamiko ya wengi ndiyo yanayoifanya mamlaka ianze uchunguzi.

Siku hizi ndilo jibu ninalompa mama. Hawaji kulichukua. Ni sisi tunaolipeleka, na kurudi tena na tena, kwa adabu na kwa maandishi, mpaka litengenezwe.