Hesabu za Maandazi

Nina neno la kuwaeleza, ingawa halinipi sifa, maana mimi ndimi niwafundishaye watoto hesabu.

Mwaka uliopita wazee wa kanisa tulikutana kwa habari ya kuezeka upya chumba cha shule ya Jumapili. Kwanza tulizungumza juu ya kufuli la sanduku la sadaka. Mmoja alitaka la shilingi 8,000, mwingine akasema la 5,000 latosha. Tukabishana hata jua likaanza kushuka. Kisha ikasomwa hati ya bei ya mabati na mbao kutoka duka moja la mjini: shilingi 18,000,000. Hakuna aliyesema neno. Nikatia sahihi yangu, tukafunga kwa sala.

Mlangoni alikuwako mama mmoja mzee, mpika maandazi, aliyetuletea chai. Akaniuliza, "Mwalimu, hizo ni maandazi mangapi?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Andazi lake ni shilingi 200, naye hupika 150 kwa siku. Akanung'unika kidogo, akikunja vidole, kisha akasema, "Mwezi mzima ni laki tisa. Basi ni miezi ishirini, nisipumzike hata Jumapili, wala nisilipe unga wala mafuta. Kwa paa la chumba kimoja?"

Tukairudisha hati. Karani wa duka alikuwa ameongeza sifuri moja. Bei yenyewe ilikuwa 1,800,000.

Tangu siku ile nimejiuliza, mbona shilingi 3,000 zilitutesa, na milioni 16 zilizozidi hazikutugusa? Nadhani noti za kununua kufuli tumezishika sote. Milioni kumi na nane hakuna aliyepata kuzishika. Na masikioni, milioni na bilioni ni kama ndugu wa tumbo moja. Lakini mtu akihesabu shilingi moja kwa kila sekunde, asile wala asilale, milioni ataimaliza kwa siku kumi na moja na nusu hivi, na bilioni kwa miaka ipatayo 32. Mimi nina miaka 46, sijatimiza sekunde bilioni moja na nusu. Trilioni moja ni zaidi ya miaka 31,000, na bajeti ya Tanzania ya mwaka 2024/25 ilipita trilioni 49. Niliisikia redioni huku nikinywa uji, wala sikusita.

Hata mfano wa mtumwa asiyesamehe, katika Mathayo 18, nimeufundisha miaka ishirini nikisema tu "deni kubwa" na "deni dogo". Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta ilikuwa kama dinari 6,000. Basi dinari 100 za mwenzake ni kazi ya miezi mitatu na kidogo. Talanta 10,000 alizodaiwa yeye ni siku milioni 60, yaani zaidi ya miaka 160,000. Naye alianguka chini akaahidi kulipa zote!

Nilipomweleza yule mama hesabu hiyo, alinyamaza kitambo, akaniuliza kama mtumwa yule alijua kuhesabu.