Kicheko Kisicho na Dharau

Wako watu wanaodhani kwamba kitabu cha kuchekesha hakina nafasi katika mazungumzo juu ya utamaduni. Mimi siafikiani nao. Jamii isiyojua kujicheka haijui kujikosoa, na ushahidi wa jambo hili twaweza kuupata hata katika fasihi ya wageni.

Kiko kitabu nikipendacho, The Diary of a Nobody, cha ndugu wawili Waingereza, George na Weedon Grossmith. Kilianza kutoka kwa sehemu katika gazeti la Punch mwaka 1888, kikachapwa kitabu mwaka 1892. Mhusika mkuu, Charles Pooter, ni karani anayeishi na mkewe, Carrie, katika nyumba ya kupanga huko Holloway, kiungani mwa London. Mapato yake ni ya kadiri, lakini hadhi anayojivika ni kubwa. Siku moja anunua rangi nyekundu, apaka kila akionacho, hata migongo ya vitabu vyake vya Shakespeare na hodhi la kuogea. Aingiapo katika maji ya moto, rangi yayeyuka, naye adhani damu yamtoka.

Hicho ni kichekesho cha juu juu. Chini yake mna suala la matabaka. Pooter na mkewe waalikwa kwenye dansi ya Meya wa London. Wajiona wamefika. Lo! Wamkuta huko muuza vyuma aliyewatengenezea chuma cha kukwangulia matope mlangoni. Pooter aonyesha mshangao. Muuza vyuma naye ataka kujua kwa nini asialikwe yeye. Mara mkuu mmoja aliyevaa mavazi rasmi ampiga mgongoni yule fundi, kama rafiki wa siku nyingi. Ngazi yote aliyoijenga Pooter moyoni mwake yaporomoka.

Hata hivyo, waandishi hawamvunjii heshima. Mwanawe Lupin hubadili kazi na wachumba. Pooter hudumu katika kazi yake kwa uaminifu, na baada ya ugomvi hupatana na Carrie.

Walimu wenzangu, tukimzoeza kijana kumcheka karani kwa kuwa ni karani, tumemfunza dharau. Tukimwonyesha kwamba kinachochekwa ni tamaa ya kuonekana bora kuliko jirani, tamaa ambayo hata yeye anayo, tumemfunza utu. Kazi hiyo yastahili kipindi kizima darasani.