Ndoo ya Nahodha

Kedowa iko mbali na bahari kwa kila hali. Ni kituo kidogo katika nyanda za juu za Kericho, kando ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, na asubuhi zake ni za ukungu na makoti mazito. Kijana mmoja wa huko, aliyesomeshwa kwa fedha za majani chai, alikuwa katika mwaka wake wa tatu chuoni alipofuatana na wanachama wenzake wa Kiswahili kwenda Lamu, kwenye tamasha la utamaduni linalofanyika mwezi wa Novemba. Hakuwa amepata kuyaona maji ya chumvi. Alichokuwa nacho ni alama za juu katika kila karatasi ya sarufi, na hilo alilijua mno.

Mji ulikuwa umefurika watu. Punda walifanyiwa mazoezi ya mbio ukingoni mwa bahari, wazee walicheza bao barazani, nazo mashua za mashindano zilipakwa mafuta. Wanafunzi walikodi mashua iende Takwa, magofu ya mji wa kale katika kisiwa cha Manda. Huko hufikiwa kwa kupenya mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, nao haupitiki ila maji yakiwa yamejaa.

“Yeo tutabisha,” nahodha alisema akiutazama upepo. Kijana alidhani patakuwa na ubishi, au hodi ya kubishwa mahali fulani. Kumbe upepo ulikuwa wa omo, na kubisha ni kukiendesha chombo upande huu na upande huu hadi kifike kule upepo utokako. Neno hili limo kamusini tangu zamani. Ni sisi tunaolipita haraka tukitafuta maana ya mtihani. Foromali iligeuzwa, tanga likavuma, na nahodha akamwita kijana ahamie upande wa juu kusawazisha uzito: “Ndoo! Ndoo hapa!” Kijana akainama upesi, akaitwaa ndoo ya kufulia maji, akampelekea.

Mashua nzima ilicheka. Mwenzake mmoja mzaliwa wa pwani akasema kwamba watu wa bara Kiswahili wamekipata kitabuni, hawakunyonya. Kijana alikuwa amesoma kwamba Kiamu husema ndoo kwa njoo, ndia kwa njia na ndaa kwa njaa. Hata jedwali lake aliwahi kulichora. Hakujibu neno. Alikuwa akijiuliza iwapo angethubutu kusimama mbele ya darasa na kuiita lugha hii yake.

Takwa waliteremka karibu na kaburi lenye nguzo, ambalo mwandiko wake ni wa mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1682 au 1683. Nahodha alieleza kwamba watu wa Shela, ambao asili yao ni Takwa, huja hapo kuomba mvua. Kisha akamgeukia kijana: “Na kwenu, mwanangu, mvua huletwa ni upepo gani?”

Hapo kijana alisema. Alieleza kwamba kwao mvua haiombwi sana. Huja alasiri, mawingu yakitokea upande wa Ziwa Viktoria, na kinachoogopwa ni mawe yake, kwa kuwa eneo la Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Alisimulia jinsi mawe hayo yanavyolichana shamba kwa muda mfupi, na jinsi mchumaji anavyochagua majani mawili na kichipukizi kimoja na kuyatupa kikapuni mgongoni bila kugeuka. Nahodha, ambaye alikunywa chai kila siku ya maisha yake, alimsimamisha mara mbili aulize: kichipukizi ni kipi? Na kikivunjwa vibaya, je? Yule mwenzake wa pwani alisogea naye kusikiliza.

Mazungumzo yalikuwa marefu kuliko ilivyofaa. Waliporudi chomboni maji yalikuwa yakipwa, na mashua imelala matopeni. Wote walishuka kusukuma, matope yakiwafika magotini, nahodha akishikilia upondo. Walipofika mjini, mbio za punda zilikuwa zimekwisha, nao hawakumjua mshindi hadi usiku.